Kimya Chao Si Ridhaa: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Mkoa wa Kigoma

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma,
Mstahiki Meya na Waheshimiwa Madiwani wa Manispaa ya Kigoma Ujiji,
Wenyeviti na Wakurugenzi wa halmashauri zote za mkoa wetu.

YAH: WANANCHI WA KAWAIDA WANAOUBEBA MKOA HUU

Waheshimiwa, mwakeye.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Ujiji, sina cheo cha chama wala cha serikali. Ombi langu ni fupi. Mkoa huu uwaandike, uwatunze na uwasikilize watu wake wa kawaida wanaofanya mambo makubwa bila kelele, na uache kuufanya upole wao kuwa kisingizio cha kutowafanyia kitu.

Hilo la kisingizio ndilo lililonishikisha kalamu. Kila nikilifikisha jambo hili kwa ofisa, jibu ni lile lile, na hutolewa kwa heshima zote: "Mwalimu, hawa wenyewe hawapendi kutangazwa." Ni kweli, hawapendi. Wawili kati ya wale nitakaowasimulia humu nimewaomba ruhusa ya kuwataja majina, wote wawili wamenikatalia. Lakini anayekataa kutangazwa hajakataa petroli. Hajakataa jaketi la kujiokolea, wala bima ya afya, wala kuulizwa anahitaji nini. Tumechukua unyenyekevu wa mtu tukaugeuza akiba yetu: kwa kuwa hadai, basi hatudaiwi.

Tabia hii ni ya siku nyingi, na mfano wake mkubwa uko hapa hapa Ujiji.

Wanafunzi wangu wote walijua kwamba Stanley alimkuta Livingstone mjini kwetu mwaka 1871. Waliojua kwamba mtu wa kwanza kumlaki Stanley hakuwa Livingstone walikuwa wachache mno. Aliyemlaki ni Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyejipenyeza kwenye umati, akamsalimu mgeni kwa Kiingereza, kisha akatimua mbio kumpelekea bwana wake habari. Stanley mwenyewe ndiye aliyeandika hivyo. Kwa hiyo mkutano maarufu wa Ujiji ulianza na Susi, na sisi tumeanza kuusimulia pale Susi alipoondoka.

Halafu kuna ya 1873. Livingstone alifia kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Susi na mwenzake James Chuma, pamoja na wapagazi wengine na wanawake waliokuwa msafarani, akiwamo Halima aliyekuwa mpishi, wangeweza kumzika pale wakashika njia ya kwao. Hakuna mtu ambaye angewalaumu. Walizika moyo wake chini ya mti, na kijana Jacob Wainwright akasoma sala. Mwili wakaukausha, wakaufunga kama mtumba wa nguo ili wapitako watu wasijue ni maiti, wakaanza safari ya pwani. Walipofika Kwihara, pale Tabora kwa jirani zetu, wakakutana na ofisa Mwingereza aitwaye Cameron aliyewashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa. Mbele ya hapo wakakuta watu wasiotaka maiti ipite kwao. Wakatengeneza mzigo wa bandia, wakatuma wenzao waurudishe nyuma kana kwamba wamekubali kwenda kuzika, huku mwili wenyewe ukiendelea mbele umefichwa kati ya mizigo. Februari 1874 waliingia Bagamoyo. Ofisa wa ubalozi mdogo wa Uingereza akawalipa ujira wao, na kazi ikawa imekwisha. Livingstone alizikwa London mwezi Aprili. Wainwright alisafiri na jeneza. Susi na Chuma, waliouongoza msafara wote ule, walifika Uingereza wakati kaburi limeshafunikwa.

Ukumbusho wetu wa Ujiji ni wa mabwana wawili wanaosalimiana. Sidai waondolewe. Wametuletea watalii, na mtalii akishashiba historia hula mgebuka, mfanyabiashara wa Kigoma akapata chochote. Ninachoomba ni ubao mmoja wenye maandishi ya kusomeka, uwekwe mbele na si nyuma ya jengo: Susi, Chuma, Wainwright, Halima, na wenzao ambao majina yao hayakuandikwa. Gharama yake haifiki mafuta ya msafara mmoja wa mwenge ndani ya wilaya moja.

Gombe nako ni hivyo hivyo. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, dunia nzima ilimlilia, na sisi tulimlilia. Alifika ufukweni kwetu Julai 1960 na hakutusahau mpaka mwisho. Lakini Mei 1975 waasi kutoka Zaire walivuka ziwa usiku, wakateka wanafunzi wanne wa kigeni waliokuwa Gombe. Wote waliachiliwa baadaye, ila baada ya tukio lile watafiti wa kigeni hawakuweza tena kukaa kule kama zamani. Kazi ilipaswa kufa. Haikufa, kwa sababu wasaidizi Watanzania, wengi wao wakiwa watoto wa vijiji vya jirani, waliamka alfajiri kama kawaida wakapanda milima kuwafuata sokwe, kalamu mkononi, wakati waasi wangeweza kurudi usiku wowote. Waliandika kwa Kiswahili. Majina yao yamo kwenye vitabu vya sayansi: Hilali Matama, Hamisi Mkono, Eslom Mpongo. Hilali ndiye aliyekuwa msituni Januari 1974 kundi moja la sokwe lilipomshambulia sokwe wa kundi jirani, tukio lililofungua ile iliyokuja kuitwa vita ya Gombe. Wanasayansi walikuwa hawajawahi kushuhudia sokwe wakiua mwenzao kwa namna ile, na macho ya kwanza kuona yalikuwa ya mtu wa Kigoma.

Sehemu ya kumbukumbu zile ilipelekwa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kuhifadhiwa. Sina ugomvi na hilo. Karatasi zetu na mchwa wetu tunawajua. Lakini nakala zije. Mtoto wa Mwamgongo, kijiji jirani na Gombe, asome mwandiko wa babu yake bila kuomba viza.

Nipite haraka Maweni, ingawa panastahili barua yake. Kati ya 1984 na 1991 hospitali yetu ya mkoa ilishusha vifo vya wazazi kutoka 933 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 186. Hayo yamechapishwa katika jarida la kitaaluma na Dakt. Godfrey Mbaruku, aliyeiongoza kazi hiyo, akishirikiana na Staffan Bergström. Zilikuwa hatua 22, nyingi za gharama ndogo, zilizotegemea vitu na watu waliokuwapo. Daktari tunamheshimu, na jina lake litabaki. Wale wakunga na wauguzi waliozishika hatua hizo usiku wa manane, mwaka hadi mwaka, katika miaka ambayo nchi ilikuwa haina hata sabuni, wako wapi? Baadhi bado wako hai, hapa mjini, wanauza vitumbua barazani. Mkiwatafuta leo mtawapata. Mkisubiri miaka kumi mtatafuta makaburi.

Sasa nije kwenye yale niliyoyaona mimi.

Mei 2015 Warundi walivuka mpaka kwa makumi ya elfu wakajaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya ziwa na milima mikali, barabara hakuna. Watu walilala mchangani bega kwa bega. Maji yaliyokuwapo ni ya ziwa, na kipindupindu hakikuchelewa. Mpaka wiki ya tatu ya mwezi ule Umoja wa Mataifa ulikuwa umehesabu wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, wawili wakiwa Watanzania. Meli ya Liemba, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1913 na ambayo babu zetu waliipanda, ilipelekwa kuwachukua, watu kama 600 kwa safari. Waandishi wa dunia waliipenda sana meli ile. Waliandika ilivyozamishwa katika Vita Kuu ya Kwanza ikaibuliwa, waliandika umri wake, waliandika honi yake. Lakini Liemba haikuweza kutia nanga ufukweni Kagunga. Ilisimama majini, na wavuvi wa kijiji ndio waliopeleka watu hadi melini kwa mitumbwi na maboti yao, wazee, wajawazito, wagonjwa waliokuwa wakitapika ndani ya chombo ambacho kesho yake kingetakiwa kubeba dagaa. Wale wavuvi walijua kipindupindu ni nini. Kila mtu wa mwambao huu anakijua.

Hapa mjini wakimbizi walifikia Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Yupo mama mmoja wa Kibirizi, mchuuzi wa dagaa, ambaye siku zile alibeba sufuria lake kubwa la shughuli, lile la kukodisha kwenye harusi, akaanza kupika uji. Hakutumwa na kanisa, wala msikiti, wala shirika. Alinunua unga kwa mtaji wake wa dagaa. Habari ilipoenea kwamba anakaa na wagonjwa wa kipindupindu, wateja wake walimkimbia. Watu walipita mbali na meza yake sokoni kana kwamba dagaa wake nao wameambukizwa. Alikaa miezi bila biashara ya maana. Nilipomwuliza kama alijuta, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mwalimu, mtoto analia njaa pale, mimi nina sufuria. Sasa?"

Hakuongeza neno. Akaendelea kuanika dagaa.

Sera ya wakimbizi ni yenu na Dodoma, mimi siigusi. Najua kambi zimetuchosha na najua maneno yaliyosemwa tangu wakati ule. Mimi naongelea sufuria la mama. Na naongelea wanawake watatu wa mtaa wake ambao wiki ya pili walikuja na masufuria yao, mmoja wao akiwa ndiye aliyeongoza kumsema vibaya. Hakuna aliyewahubiria. Walimwona.

Mwingine ni nahodha. Kijiji chake kiko kaskazini mwa mji, ng'ambo ya Gombe, sikitaji kwa sababu nikikitaja mtamjua. Hakuna barabara ya gari. Mgonjwa akizidiwa njia ni ziwa, na usiku njia ni yeye. Ana boti la mbao la kupakia abiria na mizigo kuja Kibirizi, na amekwisha kuwapeleka wajawazito wengi hata wengine wamezalia humo humo, wakunga wa jadi wakiwa wamemshikia mama tochi mdomoni. Kijijini kuna watoto wawili wanaoitwa Ziwa.

Nimekaa naye nikamwuliza maswali ya kimwalimu, ananijibu huku anafunga nyavu za jirani. Nilitaka kujua anaonaje njia usiku. Akasema usiku wa giza si tatizo: wavuvi wa dagaa wamejaa ziwani na taa zao, unapita kati ya taa kama unapita mtaani, na ukipata shida unapiga kelele mtu anakusikia. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hawatoki, lakini mwezi wenyewe unakuonyesha milima. Kisha akanyamaza kidogo, akasema kilichomtisha kweli ni mwaka 2024.

Waheshimiwa, mtakumbuka kwamba ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka ule ili samaki wazaliane. Sipingi. Nimekula mgebuka mdogo kama kidole, najua tunakokwenda. Lakini miezi hiyo ndiyo miezi ya upepo wa kusini, ziwa linapochafuka. Na taa zote za wavuvi zilikuwa zimezimwa. Nahodha huyu alivuka na wagonjwa katika giza ambalo kizazi chake hakijawahi kuliona, mawimbi yakimpiga ubavuni, akijua kwamba injini ikizima hakuna wa kumsikia mpaka asubuhi. Katika vikao vyote vya maandalizi ya kufunga ziwa, je, kuna aliyeuliza wajawazito wa mwambao watapitaje usiku? Nauliza kwa nia njema. Ninadhani hakuuliza mtu, na sababu ni kwamba aliyejua swali hilo hakualikwa kikaoni.

Petroli je? Ndugu wa mgonjwa huchanga wakiwa nacho. Wasipokuwa nacho, anaweka yake. Nilimbana aniambie ni mara ngapi hajalipwa, akakwepa. "Mwalimu, ukianza kuhesabu hutatoka." Basi. Lakini vijana wa kijiji walihesabu. Wameanzisha mchango wao: kila boti linaloshuka mjini likirudi linaacha lita moja kwenye dumu la dharura nyumbani kwa mwenyekiti. Hakuna semina iliyofanyika wala posho ya kikao iliyolipwa. Kijana mmoja, ambaye nilimfundisha na alikuwa mtundu wa kupindukia, sasa ndiye mwenye zamu ya kuamka nahodha akiwa mjini. Nilimwuliza nani alimchagua. Akasema, "Sasa mwalimu, baba anaamka, mimi nalala?"

Serikali ina mpango wa m-mama, namba 115 ya bure, ambao huwalipa madereva wa jamii wanaowakimbiza wajawazito na watoto wachanga hospitali. Ni mpango mzuri, umeokoa watu. Naomba kila nahodha anayefanya kazi hii katika vijiji visivyo na barabara, kuanzia mwambao wa Kagunga hadi kule kusini Uvinza, atafutwe na asajiliwe, asisubiriwe aje na viambatisho. Na kwa wagonjwa wengine ambao mpango huo hauwahusu, yule wa nyoka, yule wa ajali ya msumeno, halmashauri itenge mafuta. Pia majaketi. Boti linalobeba mgonjwa na wasindikizaji wake usiku halipaswi kuwa na jaketi moja lililochanika, alilovalishwa mgonjwa huku nahodha akivaa fulana ya kampeni.

Nilimwuliza akipewa tuzo angetaka nini. Nilitarajia aseme injini. Akacheka. "Cheti nitakitundika wapi, Mwalimu, kwenye injini?" Baadaye akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo: angetaka taa. Moja tu, ya sola, juu ya nguzo pale mwaloni kwao, ili akirudi usiku aone mawe yalipo bila kuwaamsha watoto wasimame na tochi.

Hii ndiyo maana ya kumwuliza mtu. Msingemwuliza, mngempa cheti.

Na vyeti tunavijua. Nilihudhuria hafla moja ya kuwapongeza akina mama wanaojitolea, mwandaaji namhifadhi. Akina mama waliambiwa wafike saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi alifika saa nane. Walikaa juani kwenye viti vya plastiki, turubai likiwa limewafunika waalikwa wa meza kuu. Hotuba zilikuwa nyingi, kila mmoja akimshukuru aliyemtangulia. Akina mama walipoitwa hatimaye, ilikuwa kwa mkupuo, ili kuokoa muda, na mmoja alipokea cheti chenye jina ambalo si lake wala si la mtu yeyote aliyekuwapo. Alikipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akashukuru. Nikaona ofisa mmoja akitabasamu kwa kuguswa na unyenyekevu ule. Mimi niliona aibu, na haikuwa aibu yake yule mama.

Kwa hiyo, kama mtafanya hafla, wakae wao kivulini. Mgeni rasmi awahi au hafla ianze bila yeye. Majina yahakikiwe na mwenye jina. Na kabla ya kuchapa fulana, mtu aende nyumbani kwa kila mmoja akaulize: tukikushukuru, tukushukuru kwa nini? Wengine watasema bati. Wengine watasema ada ya mjukuu. Mwingine atasema hataki kitu, na huyo aheshimiwe. Lakini awe ameulizwa.

Lipo pia suala la wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa kuwafunza na kuwalipa, lengo likiwa wahudumu 137,294 kwa miaka mitano. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Wasiwasi wangu ni wale waliotembea kwa miguu vitongoji vya Kasulu, Buhigwe na Kakonko wakibeba dawa na madaftari kabla posho haijafikiriwa, na ambao leo wamezeeka au hawana cheti cha kidato cha nne. Wasije wakawa wao ndio wanaoambiwa wakabidhi begi kwa kijana aliyeajiriwa, asante kwa ushirikiano wenu. Sheria ya bima ya afya kwa wote ipo tangu 2023. Halmashauri iwalipie bima wazee hao, pamoja na wenza wao. Hawazidi uwezo wetu. Hii si bajeti ya daraja.

Watu wa BMU, vile vikundi vya kulinda uvuvi mwaloni, wanaokamata kokoro, nyavu haramu, za mashemeji zao kisha wakalala nyumba moja na shemeji aliyenuna, nawaachia wengine wawaandikie. Na walimu wa kujitolea, na vijana wanaochangia damu pale Maweni. Orodha ni ndefu na karatasi ni ndogo.

Kuhusu kumbukumbu, nina pendekezo moja ambalo halihitaji fedha mpya. Reli ya kisasa inajengwa kutoka Tabora kuja kwetu. Kutakuwa na stesheni, barabara za kuingilia, masoko, viwanja vya kupaki magari, na kila kitu kitahitaji jina. Nawajua ndugu zangu wanasiasa: majina yameshaanza kugombaniwa kabla mataruma hayajafika. Wekeni azimio la baraza, sasa hivi, kwamba sehemu ya majina hayo itatoka kwa watu wasio na cheo, waliokwisha kufariki, watakaopendekezwa na mikutano ya mitaa na vijiji. Barabara ya Susi. Soko la Halima. Na pale Kagunga liwekwe jiwe gatini, lisilo na jina la mfadhili wala la mzinduzi, lenye mwaka 2015 na maneno kwamba wavuvi wa kijiji hiki walibeba watu.

Najua mtu ataniuliza kama si hatari kuwatukuza watu wanyenyekevu, tusije tukawaharibu. Swali hilo nimeulizwa na kiongozi wa dini, na lina uzito. Nimeona mtu mwema akipewa kipaza sauti mwaka mzima mpaka akasahau kazi yake. Ndiyo maana siombi kipaza sauti. Naomba petroli, taa, bima, ubao wa ukutani na majina yaliyoandikwa kwa usahihi. Sijawahi kuona mtu aliyeharibiwa na jaketi la kujiokolea.

Waheshimiwa, nimewasilisha nakala ya barua hii kwa katibu wa baraza la manispaa na kwa mtendaji wa kata yangu. Ninayo orodha ya majina ya wananchi waliokubali kuandikwa, kila mmoja na saini yake au dole gumba. Ninayo karatasi nyingine isiyo na majina, ya wale waliokataa, ila wamenitajia mahitaji yao, mama wa Kibirizi, kwa mfano, ameomba kichanja cha kuanikia dagaa kisichogusa mchanga, lakini kiwe cha wachuuzi wote, "nisionekane mimi." Kikao kijacho cha baraza la madiwani nitakuja na karatasi zote mbili. Naomba nipewe dakika kumi kwenye ajenda, au kama kanuni haziruhusu mwananchi kusema, diwani wa kata yangu apewe dakika hizo anisomee. Nahodha amesema ataleta boti bure siku hiyo kwa yeyote kati yenu atakayetaka kwenda kupaona mwaloni kwake. Anaondoka Kibirizi saa saba mchana, na hangoji mgeni rasmi.

Wenu katika kulijenga Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma.